Desemba ya Shule, Agosti ya Mtoto

Ukitaka kumwona mwanafunzi Mkenya akikimbia kwa ajili yake mwenyewe nchini Japani, usimtafute Kyoto mwezi wa Desemba. Mtafute uwanjani, kwenye joto la mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, siku za mashindano ya taifa ya riadha ya shule za sekondari. Wajapani wanayaita Inter-High. Kwetu Nyahururu, Kenya, ambako si vigumu kupata familia iliyopeleka kijana Japani, ni wachache wanaoyajua mashindano hayo. Wanachojua ni ekiden, kwa kuwa ekiden ndiyo inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga ya taifa, na ndiyo inayowaleta makocha wa Kijapani hadi kwetu na saa zao za kupimia muda.

Ekiden ni mbio za barabarani za kupokezana. Hakuna kijiti, kuna mshipi wa kitambaa unaopita begani na kushuka kiunoni, na kila anayemaliza kipande chake humkabidhi mwenzake. Katika ekiden ya taifa ya sekondari, inayofanyika kila Desemba, wavulana saba hugawana kilomita 42.195. Wasichana watano hugawana nusu yake, kilomita 21.0975. Wanaanzia na kumalizia katika uwanja mmoja mjini Kyoto, na shule ikishinda, jina lake linajulikana nchi nzima kabla ya jua kutua. Wazazi wanaotafuta shule wanalisikia. Wahisani wanalisikia. Ndiyo maana shule iko tayari kumlipia mtoto wa watu nauli, karo, chakula na bweni kwa miaka mitatu.

Sipingi jambo hilo. Mimi ninaishi Fukuoka, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninajua vijana kadhaa ambao bila mpango huo wangekuwa wameacha shule zamani. Ninachosema ni kwamba mkataba ule, hata usipoandikwa, una upande mmoja ulio wazi sana: Desemba ni ya shule. Kijana anakimbilia mshipi. Akiwapita wanne, ni shule yake imezipita shule nne. Akichoka, ameiangusha shule, na bweni zima linajua.

Uwanjani mambo ni mengine.

Mashindano ya riadha ya Inter-High yamekuwepo tangu mwaka 1948. Kijana anaanza mkoani, mwishoni mwa Mei au hivi, na Japani ina mikoa 47. Akifaulu anakwenda kwenye kanda mwezi wa Juni. Kanda ni 11, na kwa mbio nyingi ni sita bora tu wa kila kanda wanaopata tiketi ya taifa. Hapo hakuna wa kumbeba. Ukiwa wa saba unarudi nyumbani, hata kama shule yako ina jina kubwa kama mlima. Wavulana wa masafa marefu wana mita 1500, mita 5000 na mita 3000 kuruka viunzi na maji. Wasichana wana mita 1500 na mita 3000. Wapo pia wa mashindano ya kutembea kwa kasi, na ningeandika juu yao siku nyingine, kwa sababu vijana wale wanateseka sana na hawapigiwi makofi ya kutosha.

Mita 5000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Watu wengi wakitazama wanaona Wakenya wamejitenga mbele na Wajapani wamebaki kundi moja nyuma, wanadhani ni jambo la ajabu la damu au mwinuko. Hesabu yake ni ya kawaida kabisa. Anayezunguka kwa sekunde 66 atamaliza kwa 13:45. Anayezunguka kwa sekunde 68 atamaliza kwa 14:10. Tofauti ni sekunde mbili tu kwa mzunguko, muda wa kuvuta pumzi moja, lakini mwishoni inakuwa sekunde 25, na kwa mwendo ule hizo ni karibu mita 150. Ukiwa jukwaani unaona pengo kubwa la kuvunja moyo. Aliyeko ndani ya mbio anajua kwamba pengo hilo lilijengwa kidogo kidogo, na kwamba kila mzunguko alikuwa na nafasi ya kukataa.

Kukataa huko ndiko ninakokupenda. Karibu kila fainali ya mita 5000 huwa na mvulana mmoja wa Kijapani, pengine wawili, wanaoamua kwenda na Wakenya badala ya kubaki kundini. Kocha amemwambia abaki, akimbie kwa akili, agombee nafasi ya Mjapani wa kwanza. Maana watangazaji wa huko wana desturi hiyo: Mkenya akishinda, baada ya sentensi moja utasikia nani amekuwa Mjapani wa kwanza, na kamera inamfuata yeye. Kwa hiyo mvulana akibaki kundini, hatakosa sifa. Lakini huyu anaondoka. Mzunguko wa tatu yuko nyuma ya mgongo wa Mkenya, wa tano bado yupo, wa saba mabega yameanza kupanda, wa tisa amekatika. Mara nyingi anamalizia nyuma hata ya wale aliowaacha. Mimi humpigia makofi huyo kama mwanangu.

Mwaka 2024 mashindano yalikuja Fukuoka, kwenye uwanja wa Hakatanomori. Kisiwa chetu cha Kyushu kiliungua kiangazi kile. Jua la saa nne asubuhi lilikuwa tayari linachoma kama la mchana. Shule zilikuwa zimefunga mabango yao kwenye vyuma vya jukwaa, kila bango na maandishi makubwa ya wino, na chini yake wanafunzi waliovaa fulana za rangi moja wakiimba kwa pamoja jina la mwenzao kila alipopita. Mkimbiaji akimaliza, hata kama anataka kuanguka, anageuka kwanza, anaitazama njia aliyoikimbia na kuinama. Vijana wetu nao huinama. Sikuona hata mmoja aliyesahau. Nilikaa karibu na bibi mmoja Mjapani aliyekuja kumtazama mjukuu wake wa mita 1500, na kila Mkenya alipopita mbele yetu bibi yule alipaza sauti akimwambia ajikaze. Hakumjua. Alikuwa anaona mtoto anakimbia kwenye joto.

Historia ya vijana wetu katika mbio hizi ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na imepita sana kwenye mikono ya watu wa Kenya ya kati. Kabla ya wanafunzi alikuja Douglas Wakiihuri, mwaka 1983, akajifunza marathoni Japani na kuwa bingwa wa dunia Roma mwaka 1987. Mwaka 1989 Joseph Otwori na Kennedy Isena wakakimbia ekiden kuu ya vyuo vikuu, Hakone, wakiwa Wakenya wa kwanza huko. Halafu mlango ukafunguka kwa watoto wa sekondari. Daniel Njenga wa Nyahururu alifika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei akiwa kijana mdogo, akaweka rekodi ya dunia ya chipukizi ya mita 3000 kuruka viunzi na maji mwaka 1994, na miaka 13 baadaye akashinda Tokyo Marathon ya kwanza kabisa. Mwaka 2002 shule hiyohiyo ikampokea kijana mwingine wa Nyahururu aliyekuwa na umri wa miaka 15, jina lake Samuel Wanjiru.

Wanjiru hahitaji kutambulishwa. Ila nataka tuangalie mpangilio wa miaka yake. Desemba 2004 Sendai Ikuei, naye akiwemo, ilishinda Kyoto kwa 2:01:32, muda ambao haukuwahi kufikiwa na shule yoyote kabla yake. Hiyo ilikuwa ya shule. Agosti 2005, ameshamaliza sekondari na kuingia timu ya kampuni, maana Japani kampuni huajiri wakimbiaji wao, chini ya kocha Koichi Morishita, alikimbia mita 10,000 Brussels kwa 26:41.75, rekodi ya dunia ya chipukizi. Siku 16 baadaye akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kule Rotterdam, 59:16. Alikuwa na miaka 18. Miaka mitatu baadaye, Agosti, Beijing, jua likiwa kali, alikimbia kana kwamba joto halimhusu na kuipa Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, 2:06:32. Wataalamu waliduwaa kwa mwendo aliouanza. Mimi naamini, na hakuna atakayenitoa hapo, kwamba kijana aliyekimbia viangazi vya Japani tangu akiwa na miaka 15 alikuwa ameshajua kitu kuhusu joto ambacho waliotoka nyumbani moja kwa moja hawakukijua. Alifariki Nyahururu tarehe 15 Mei 2011, na miaka 24 tu. Mji wetu haujaacha kumlilia.

Baada yake wamekuja wengi. Bedan Karoki alisoma Sera, shule ya mashambani katika mkoa wa Hiroshima, akawa wa tano katika mita 10,000 za Olimpiki ya London 2012. Rosemary Wanjiru alisoma Aomori Yamada, kaskazini kabisa kwenye theluji, akashinda Tokyo Marathon mwaka 2023 kwa 2:16:28. Hao ndio tunaowataja. Wasiotajwa ni wengi zaidi, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu.

Alichaguliwa kwenye majaribio ya mita 5000, kwenye uwanja wa vumbi. Hakuwa wa kwanza siku ile. Kwetu, mwinuko ukiwa zaidi ya mita 2,300, na vijana wakiwa wengi kiasi kile, unaweza kuwa wa nne mkoani na usijulikane hata na mwalimu wa michezo wa shule jirani. Kocha alipenda jinsi alivyokimbia mzunguko wa mwisho, basi. Miezi michache baadaye yuko Japani, ana miaka 15, hajui hata namna ya kuomba maji. Mwaka wa kwanza alinipigia simu karibu kila Jumapili, na simu zile zilikuwa za chakula, baridi na maandishi. Mbio hakuzitaja. Nilikuwa namtumia unga wa ugali kwa posta, na bwenini wenzake wakaanza kuuulizia.

Mwaka wa pili, 2019, alifuzu. Mkoa, kanda, kisha taifa, ambayo mwaka huo ilikuwa Okinawa. Hakufika nane bora. Joto la kule na unyevu wake vilimmaliza zikiwa zimebaki mizunguko minne. Lakini nilipozungumza naye usiku ule sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alinieleza mbio nzima, mzunguko kwa mzunguko: nani alisukuma, nani alimziba njia ya ndani, wapi alipaswa kutulia.

"Anti," akaniambia, "mwaka ujao nitakimbia tofauti. Sasa najua nilichokosea."

Kwa mara ya kwanza tangu afike hakusema shule inataka nini. Alisema *nitakimbia*.

Mwaka ujao ulikuwa 2020. Inter-High ikafutwa, mara ya kwanza tangu ianzishwe. Oktoba yakaandaliwa mashindano ya kufidia kule Hiroshima, lakini wakati huo alikuwa na jeraha la unyayo, na kocha akaamua apone kwanza kwa ajili ya Desemba. Desemba ikafika. Kyoto ilifanyika, barabara zikiwa hazina watazamaji. Alikimbia kipande chake vizuri, akapita watu, akakabidhi mshipi, shule ikafurahi. Dada yangu aliona video kwenye simu, akaita majirani. Kijana mwenyewe aliponipigia alisema tu, "Nimemaliza kazi." Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo nikiwasikia watu wakibishana kama ekiden ni bora kuliko mbio za uwanjani, nakumbuka sauti ile. Sisemi walimfanyia ubaya. Mwaka ule dunia nzima ilipoteza vitu vyake. Nasema mbio za shule zilikuwa na watu wa kuzipigania, na za kwake hazikuwa na mtu.

Tangu hapo nimefuatilia sana habari za sheria za wanafunzi wa kigeni. Katika ekiden ya taifa timu inaruhusiwa kumkimbiza mgeni mmoja tu. Mwaka 2008 wakakatazwa kukimbia kipande cha kwanza, kwa sababu Mkenya akifyatuka pale mbio zilikuwa zinaisha kabla hazijaanza. Kuanzia 2024 wamebanwa zaidi: mgeni anaruhusiwa vipande vifupi kuliko vyote, vya kilomita tatu, kwa wavulana na wasichana. Naelewa chanzo chake. Mzazi wa Kijapani ambaye mwanawe ameamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mitatu, kisha anaona mbio zinaamuliwa na pengo la mkimbiaji mmoja aliyeletwa, ana haki ya kuumia. Shule ndogo ya serikali isiyo na uwezo wa kumleta mtu kutoka Kenya ina haki ya kuuliza.

Hata hivyo, aliyebebeshwa mzigo wa jibu ni mtoto. Shule ndizo zilizokwenda kumtafuta. Watu wazima ndio waliojenga mashindano ambayo ushindi wake unanunua sifa. Kijana aliyeondolewa kwao kwa sababu ana mapafu ya kilomita kumi anaambiwa akimbie tatu, kisha akae. Kama tatizo ni namna shule zinavyowatafuta vijana, sheria ingewagusa wanaowatafuta: wamwajibishe mlezi, wahakikishe anasoma na kuhitimu, wamuulize kila mwaka kama anataka kubaki. Kupunguza barabara kunampunguza yeye peke yake.

Na ukitazama uwanjani unaona jinsi mstari wenyewe kati ya mgeni na mwenyeji ulivyo mwembamba. Nozomi na Tomomi Musembi Takamatsu ni dada wawili waliosoma Osaka Kunei. Baba yao ni Mkenya, mkimbiaji. Mama yao ni Mjapani. Nozomi aliipatia Japani dhahabu ya mita 3000 katika Olimpiki ya Vijana ya Nanjing mwaka 2014. Huyo utamweka upande gani wa mstari? Na yupo Nozomi Tanaka, aliyetokea sekondari ya ufundi ya Nishiwaki, akawa wa nane katika fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Tokyo, na siku hizi hupanda ndege kwenda Kenya kufanya mazoezi na watu wetu. Alikulia katika riadha ambayo wasichana wa Kikenya walikuwa mbele yake au kando yake, na hakuona sababu ya kuwaogopa. Njia iliyowaleta watoto wetu huku sasa ina Wajapani wanaoipita kwenda upande wa pili.

Ndiyo maana nasema Inter-High ilindwe. Bado pale mtoto anapewa mita 5000 nzima, mstari mmoja wa kuanzia, bastola moja. Wa nyuma yake anaweza kumfuata akitaka. Akishindwa, ameshindwa yeye, na akishinda hakuna mshipi wa kukabidhi.

Mtoto wa dada yangu hakupata timu ya kampuni. Alirudi nyumbani na cheti cha sekondari na lugha, na sasa anawafundisha vijana alfajiri kabla ya kwenda kazini. Anawapa mazoezi ya uwanjani kwanza, ya barabarani baadaye. Mwaka huu mmoja wa vijana wake amepata nafasi ya shule Japani, na mama wa mtoto akanipigia kuuliza ampakie nini: makoti, unga, au pesa. Nikamwambia makoti atapewa, unga nitatuma mimi. Kabla hajatia sahihi, amuulize kocha swali moja mbele ya mkalimani na asikilize vizuri jibu: mwezi wa Mei, mashindano ya mkoa yakianza, mwanangu ataandikishwa mita 5000, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu? Akijibiwa kwamba watamhifadhi kwa ajili ya Desemba, atafute shule nyingine. Zipo.